Fundi wa Gita Anajibu: La mkono au la daraja lililokaza?

SWALI: Shikamoo mzee. Ni mkulima wa korosho hapa Masasi, na napiga solo kwenye bendi yetu ya harusi na sherehe. Malipo ya mnada yameingia, nimetenga fedha ya kununua gita langu mwenyewe, maana ninalopiga sasa ni mali ya bendi. Kutoka Kariakoo nimetumiwa picha za magita mawili, bei zake zinakaribiana. Moja lina mkono wa chuma wa kubonyeza ili sauti ishuke na kupanda, na nyuzi zake zimebanwa kwa skrubu juu na chini. Muuzaji anasema halitoki kwenye tyuni hata ulipige usiku kucha. La pili daraja lake, pale nyuzi zinaposhikwa chini, limekaza tu kwenye bodi, halina mkono. Wenzangu wote wananisukuma nichukue la mkono. Wewe unasemaje?
Mpiga solo, Masasi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi ya shamba. Kwa muziki mnaopiga, chukua la pili. Sasa nikueleze sababu, ili hata wenzako wakikubishia uwe na la kuwajibu.

Muuzaji hajakudanganya. Gita hutoka kwenye tyuni hasa kwa sababu uzi unasuguana na kukwama pale unapopita, kwenye kile kipande chenye vijia mwisho wa shingo, na pia kwenye funguo unapojizungusha. Ukiuvuta uzi au ukibonyeza mkono, uzi unateleza, kisha unashindwa kurudi pale ulipokuwa. Magita yenye mkono yalikuwepo zamani, gita la Stratocaster la kampuni ya Fender lilitoka nao mwaka 1954, lakini ukiubonyeza sana nyuzi zilihama. Mmarekani Floyd Rose, mpiga gita aliyekuwa pia akitengeneza vito, ndiye aliyepata dawa mwishoni mwa miaka ya 1970: akaubana uzi sehemu mbili, juu shingoni na chini kwenye daraja, usiwe na pa kuteleza. Hataza yake, yaani hati ya mvumbuzi, ilitoka mwaka 1979. Baadaye zikaongezwa skrubu ndogo za vidole kwenye daraja, za kurekebisha sauti kidogo baada ya kufunga. Wapiga roki wa Marekani waliupenda sana mtambo huo, Eddie Van Halen akiwa mstari wa mbele, na ukienda studio ukasikia gita linashuka mpaka nyuzi zinalegea kabisa kisha linarudi sawasawa kwenye sauti yake, ujue ni kazi ya mtambo huo. Ni kazi nzuri mno, na naiheshimu.

Ila kuna upande ambao muuzaji hakukuelezea. Daraja la namna hiyo halikukazwa kwenye bodi. Limeegemea nguzo mbili kwa makali mawili ya chuma, mbele linavutwa na nyuzi, nyuma linavutwa na springi zilizo mgongoni mwa gita. Seti ya nyuzi ya 10 hadi 46 (ni unene wa nyuzi, kwa sehemu za elfu za inchi), ikiwa kwenye tyuni ya kawaida, inavuta kwa nguvu ya takriban kilo 47. Seti nyembamba ya 9 hadi 42 inavuta takriban kilo 38. Springi zinavuta kiasi hichohicho kwa upande wa pili, na daraja linakaa katikati kama mizani ya duka. Ukigusa upande mmoja, upande wa pili nao unasogea. Ukikaza uzi mmoja, tano zilizobaki zinashuka. Ukibadili seti nyembamba kwa nene, daraja linainuka nyuma, na itabidi ufungue kifuniko cha mgongoni ukaze springi kwa bisibisi.

Sasa tulete habari hii kwenye bendi yako. Solo la dansi, lile tulilokulia kwa bendi kama Mlimani Park na Vijana Jazz, linaishi kwenye noti safi zinazofuatana, na mara nyingi kwenye nyuzi mbili zinazopigwa pamoja. Chukua sehemu ambayo unavuta uzi wa tatu kwa kidole huku uzi wa kwanza unalia. Kwenye daraja lililokaza, wa tatu unapanda, wa kwanza unabaki ulipo. Kwenye daraja linaloelea, ukivuta wa tatu daraja linasogea mbele kidogo na wa kwanza unashuka. Kidogo tu, lakini mwimbaji anasikia na besi inasikia. Halafu wengi wetu tunaegemeza kiganja kwenye daraja ili kuzima nyuzi kidogo. Ukiegemea kwa nguvu daraja linaloelea, nyuzi zote zinapanda. Unaweza kujizoeza mkono uwe mwepesi, lakini kwa nini ujizoeze hivyo kwa ajili ya mkono wa chuma ambao kwenye nyimbo zenu hautaugusa?

Na kuna jambo la harusini. Mwimbaji kakaukiwa sauti, anakugeukia: "Shusha nusu." Mwenye daraja lililokaza anazungusha funguo sita, anahakikisha na tyuna (kifaa cha kupimia sauti), wimbo unaanza. Mwenye daraja la kufunga, lile la mkono lenye vibano, anatafuta spana ya alen ya milimita 3, analegeza vibano vitatu vya shingoni, anashusha nyuzi, anakuta daraja limelala nyuma kwa sababu springi sasa zinashinda, analegeza springi, anarudia tyuni tangu mwanzo kwa sababu kila uzi umeusogeza mwenzake, kisha anafunga. MC anaongea peke yake muda wote huo. Hata mwenzako wa rizimu akitaka kufanya kama wapigaji wa Kongo wanaotoa uzi wa nne na kuweka uzi mwembamba uliopandishwa oktavu moja, kwenye daraja lililokaza anafanya bila kuomba ruhusa ya springi.

Msidharau gita lisilo na mkono kwa sababu ya sura yake. Telecaster, gita lingine la Fender, ambayo nyuzi zake zinapita kwenye bodi kutokea mgongoni, ipo sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Les Paul Custom ya 1954 ilikuja na daraja la Tune-o-matic ambalo kila kikalio cha uzi (pale uzi unapokaa juu ya daraja) unakisogeza kwa bisibisi mpaka gita lisome sawa shingo nzima. Mpaka leo watu wanapiga kila aina ya muziki kwa madaraja hayo.

Kabla hujatuma fedha, mwombe jamaa yako aliye Dar aende dukani. Aweke gita kwenye tyuni, avute uzi wa tatu kwenye freti (vile vyuma vyembamba vya shingoni) ya kumi na mbili mpaka upande noti nzima, auachie, aangalie tyuna. Ukirudi chini ya sauti yake, tatizo huwa ni vile vijia vya shingoni kubana. Hilo lisikuogopeshe: sugua ncha ya penseli ndani ya kijia, ule unga mweusi unalainisha, na mara nyingi ndiyo mwisho wa tatizo. Kisha apige uzi wa kwanza na wa sita bila kushika freti, halafu kwenye freti ya kumi na mbili, asome tyuna: iwe noti ileile, oktavu moja juu. Ikitofautiana, vikalio vinasogezwa. Lakini kama kikalio kimeshafika mwisho wa njia yake na bado gita halisomi, aliache hapohapo.

Kama wenzako bado wanashikilia la mkono, au kama wewe mwenyewe moyo wako uko kwenye roki (hilo nalo lipo, kuna vijana hapa Mtwara wanaipenda kwelikweli), basi usinunue la bei ileile ya lile lililokaza. Gharama ya mtambo huo iko kwenye chuma. Kwa bei moja, gita la mkono limeibia mahali fulani, ama kwenye mbao, ama kwenye pikapu (visumaku vinavyonasa sauti ya nyuzi), ama kwenye daraja lenyewe. Madaraja ya Floyd Rose yana viwango vyake vya ubora. Lile lenyewe la asili limekuwa likitengenezwa Ujerumani. Lililoandikwa 1000 linatengenezwa Korea kwa vyuma vya aina ileile. Lililoandikwa Special lina sehemu za aloi ya zinki, ambayo ni laini zaidi. Na yapo mengi ya leseni, yaani yanayotengenezwa na wengine kwa ruhusa, mengine mazuri, mengine makali yake yanalika upesi, na makali yakishalika hakuna tyuni itakayokaa. Mulika tochi hapo makali yanapokutana na nguzo. Ukiona bonde, hata dogo, achana nalo.

SWALI: Kaka fundi, habari za Mtwara. Mimi niko Lindi mjini, napiga gita la daraja la kufunga, nalipenda na sitaki kuliacha. Shida yangu ilikuwa kwenye shughuli moja ya usiku: uzi wa kwanza ulikatika katikati ya wimbo, na ghafla nyuzi zote zilizobaki zikawa zinaimba juu, sikuweza kuendelea. Nilipofungua sikuwa na uzi wa akiba, na nyuzi huku naagizia Dar kwa basi. Nifanye nini lisinikute tena?
Mpiga gita, Lindi

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Kama umesoma barua ya juu utaona kilichotokea. Uzi mmoja ulipotoka, springi zikapata nguvu kuliko nyuzi tano, daraja likalala nyuma, zote zikapanda.

Kwanza, weka kijiti. Fungua kifuniko cha mgongoni utaona kipande kizito cha chuma kinachoning'inia chini ya daraja, na springi zimeshikwa humo. Kati ya kipande hicho na ukuta wa mbao ulio upande wa springi, weka kipande cha mbao kilichokatwa kwa kipimo, ili daraja likiwa limelala sambamba na bodi, chuma kiguse mbao. Kisha kaza kidogo zile skrubu mbili zinazoshika springi, chuma kikae kimeegemea mbao bila kucheza. Kuanzia hapo mkono wako utashusha tu, hautapandisha. Uzi ukikatika, daraja halina pa kwenda, nyuzi tano zinabaki kwenye sauti yake na wimbo unaisha salama. Eddie Van Halen mwenyewe alikuwa analiweka la kwake lishuke tu, kwa hiyo usione umepungukiwa.

Pili, na hapa gita lako linawashinda wenye daraja lililokaza: daraja la kufunga halihitaji kile kitufe cha shaba cha mwisho wa uzi. Kwa kawaida tunakikata kwa koleo, kisha uzi unabanwa ukiwa mtupu. Wewe fanya kinyume. Pitisha uzi kutokea kwenye ufunguo, kitufe kibaki juu huko, ule mwisho mtupu ndio ushuke ubanwe kwenye kikalio. Usikaze mara moja. Acha uzi wa ziada ujizungushe mara kadhaa kwenye ufunguo. Nyuzi nyingi hukatikia chini, palepale zinapobanwa. Ukikatika hapo, legeza kibano cha shingoni, rudisha mzunguko mmoja wa ufunguo, vuta uzi chini, ubane upya. Uzi uleule, usiku uleule. Kwetu huku, ambako seti moja inasafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar mpaka ikufikie, hiyo ni faida kubwa kuliko hata mkono wenyewe.

Ila kabla ya kubana upya, hakikisha umetoa kile kisigino cha uzi kilichobaki ndani ya kikalio. Kikibaki humo, uzi mpya unabanwa upande mmoja tu na utachomoka. Na usikaze mpaka mishipa ikutoke. Kile kidude kidogo cha chuma kinachobana uzi hupasuka, na kukipata Lindi ni kazi. Skrubu ndogo za vidole nazo ziache katikati ya njia yake kabla hujafunga shingoni, ili upate nafasi ya kupandisha na kushusha. Ukifunga zikiwa zimefika mwisho, utalazimika kufungua tena kila kitu kwa ajili ya kupandisha kidogo tu.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Ni mwalimu wa kwaya ya parokia huku Nachingwea. Wageni walitupatia gita la umeme lenye mkono na vibano vingi. Kijana wetu anayelipiga ni mzuri, lakini kila wiki linatuchelewesha, kwani tunashusha na kupandisha kulingana na sauti za akina mama, na kila tukibadili halikubali. Mkono wenyewe hatuutumii. Je, tuliuze?
Mwalimu wa kwaya, Nachingwea

JIBU: Milele amina, Mwalimu. Msiliuze. Lifungeni lisitembee, litakuwa gita la daraja lililokaza kwa gharama ya vipande viwili vya mbao.

Mkoa wenu ndio nyumbani kwa mpingo, mbao ambayo huko Ulaya wanachongea klarineti na obo kwa sababu ni nzito, imeshikana na haibonyei ovyo. Hizo ndizo sifa tunazozitaka. Muombe mchonga vinyago yeyote akupe mabaki, yale anayoyatupa miguuni. Kijana afungue kifuniko cha mgongoni akiwa amelitia gita kwenye tyuni na daraja limelala sambamba na bodi. Apime kwa rula nafasi iliyo mbele na iliyo nyuma ya kile chuma kinachoning'inia. Hazilingani, apime zote mbili. Achonge vipande viwili, avipunguze kwa msasa taratibu, mpaka kila kimoja kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Kisiingie kwa nyundo, kitasukuma daraja. Kisiwe kimelegea, kitalia. Mti laini kama msufi usikubali, utabonyea na baada ya miezi michache mtarudi palepale.

Vikishaingia vyote viwili, mkono uchomolewe uwekwe kabatini. Halafu ondoeni vile vibano vitatu vya shingoni pamoja na skrubu zake, muvihifadhi ndani ya bahasha. Bila vibano, nyuzi zinatyuniwa kwa funguo za juu kama gita lolote, na mtashusha na kupandisha mpendavyo. Kwa nyimbo za kupandisha, kapo (kibano kinachobana nyuzi zote kwenye shingo) itawasaidia zaidi kuliko kubadili tyuni. Siku mkipata mpigaji anayetaka mkono, vipande vinatolewa, vibano vinarudi, gita halina jeraha lolote.

SWALI: Fundi, naishi Mikindani karibu kabisa na maji. Gita langu la kufunga ni zuri lakini skrubu zimeanza kutu, na mojawapo ya shingoni haifunguki tena. Nianzie wapi?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Anzia kwenye hiyo isiyofunguka, na usiilazimishe. Tundu lake likishaviringika spana haitashika, na hapo itabidi kutoboa. Dondoshea tone moja la mafuta ya kulegeza kutu kwa ncha ya kijiti, funika mbao kwa kitambaa, liache lilale mpaka kesho. Tumia spana mpya ya milimita 3, isiyoliwa kona, isukume mpaka mwisho wa tundu ndipo uzungushe.

Chumvi ya bahari haina huruma na mtambo wenye skrubu nyingi namna hiyo, na jasho la mkono linaongezea. Kila ukimaliza kupiga, pangusa nyuzi na daraja kwa kitambaa kikavu, kisha lirudishe gita kwenye begi. Usilitundike ukutani dirisha likiwa wazi, hasa miezi ya mvua. Kila ukibadili nyuzi, paka mafuta ya cherehani kidogo kwenye skrubu na tone moja pale makali yanapoegemea nguzo, kisha pangusa yanayobaki, kwani mafuta yakizidi yanakusanya vumbi na mchanga. Badilisha uzi mmoja mmoja, au weka kitambaa kilichokunjwa chini ya daraja kabla hujatoa zote, lisije likalala ndani ya bodi. Na ukitaka kuinua au kushusha nguzo, legeza nyuzi kwanza. Ukizizungusha huku nyuzi zimekaza, makali yanasagika juu ya chuma. Yakishasagika usiyanoe kwa tupa: yote mawili lazima yabaki sawa, na jikoni huwezi kuyalinganisha. Agiza bamba jipya la chini la daraja, lile lenye makali hayo, la aina ileile, na kabla ya kuagiza soma maandishi yaliyo kwenye daraja lenyewe, kwa sababu bamba la aina moja si lazima liingie kwenye nguzo za nyingine.